Kutanguliza Pesa: Mwongozo Kamili wa Kulipia Bidhaa na Huduma Kabla ya Kuzipokea

Fundi seremala alinifungulia mlango wa karakana yake akanionyesha mbao zilizoegemezwa ukutani. "Hizi ndizo zako," akasema. Nilikuwa nimeshamlipa asilimia 70 ya bei ya kabati, wiki saba zilikuwa zimepita, na mbao zenyewe hazikuwa zimeguswa na randa. Nilipoinama kuzitazama nikaona jina la mteja mwingine limeandikwa kwa penseli kwenye ncha ya ubao mmoja. Pesa yangu ilikuwa imekwisha kitambo. Ilimalizia kitanda cha mtu aliyelipa kabla yangu, na kabati langu lilikuwa linangoja pesa ya atakayekuja baada yangu.

Yule fundi hakuwa mwizi. Mkono wake ulikuwa mzuri, na kabati nililipata baada ya miezi mitano. Alikuwa akifanya wanachofanya wengi wanaopokea malipo ya awali: kuchimba shimo kufukia shimo. Siku ile, pamoja na miaka niliyokaa ofisini nikiwalipa wauzaji kwa niaba ya mwajiri, imenifundisha jambo moja ambalo naomba ulishike kabla ya hatua yoyote. Ukilipa kabla ya kupokea, umemkopesha muuzaji. Riba hupati, dhamana mara nyingi hakuna, na hakuna aliyekuita mkopeshaji, lakini hali yako ndiyo hiyo. Benki ingeombwa mkopo na mtu huyohuyo ingemuuliza anataka pesa ya nini, ni nani, ataitumiaje, ataandika nini, na akishindwa itakuwaje. Maswali hayo ni haki yako pia, na mwongozo huu unayafuata moja baada ya jingine.

Hatua ya 1: Uliza pesa inakwenda wapi

Zipo sababu za haki za kuomba malipo ya awali. Fundi asiye na mtaji hawezi kununua vifaa kwa mfuko wake. Kitu kinachotengenezwa kwa vipimo vyako hakiuziki kwa mwingine ukikikataa. Kiti cha ndege, nafasi ya darasani au ukumbi wa sherehe ukiwekewa wewe, mwingine anakataliwa, na usipotokea hasara ni ya mwenye ukumbi. Muuzaji naye ana hofu yake, kwa sababu wateja wanaoagiza na kutoweka ni wengi.

Kwa hiyo usianze kwa ubishi. Uliza kwa utulivu: "Pesa ya kwanza unainunulia nini?" Anayejua kazi yake atakuhesabia vifaa, nauli ya kuvileta na siku za kazi. Asiye na jibu, au anayekwambia kwamba huo ndio utaratibu wake basi, hajakupa sababu ya kumkopesha.

Jibu lenyewe ndilo linalokuonyesha kiasi. Bidhaa ikiwa imekwisha kutengenezwa na iko rafuni, muuzaji hana cha kununua, hivyo kinachostahili ni kiasi kidogo cha kumfanya akuwekee. Kama ni kitu cha kutengenezwa, lipa gharama ya vifaa vya awamu ya kwanza. Kwenye tiketi, ada za mafunzo na nafasi za wageni, kulipa yote kabla ni kawaida na huwezi kuikwepa. Huko nguvu zako zielekeze kwenye masharti ya kughairi.

Hatua ya 2: Lipe jina malipo hayo

Hapa ndipo magomvi mengi yanapozaliwa. Mteja anadhani ametoa pesa inayorudi, na muuzaji anadhani amepokea pesa isiyorudi. Hakuna aliyedanganya, hawakutaja tu ni malipo ya aina gani.

Neno letu arbuni limetoka kwenye Kiarabu, na lina ndugu wa kale sana. Wagiriki walikuwa na arrabon, Warumi arra. Ni kiasi kinachotolewa kufunga makubaliano, na tangu zamani watu wamebishana ni nani anabaki nacho mambo yakivunjika. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wanazuoni wengi waliona si halali muuzaji kubaki na arbuni ya mnunuzi aliyeghairi, huku madhehebu ya Hanbali yakiruhusu. Ufaransa, kifungu cha 1590 cha Kanuni ya Kiraia kinaweka mizani ninayoipenda: mnunuzi akighairi anapoteza arbuni, na muuzaji akighairi anarudisha mara mbili ya alichopokea. Huko huko Ufaransa, pesa ikiitwa sehemu ya bei badala ya arbuni, hakuna upande ulio huru kujitoa kwa kuiacha. Jina moja likibadilika, haki zote zimebadilika.

Kabla ya kutoa chochote, sema wazi ni lipi kati ya haya. Arbuni ni ya kushikilia nafasi au bidhaa, na mkubaliane nani anaipoteza na lini. Sehemu ya bei ni mwanzo wa malipo yenyewe, na hukatwa kwenye jumla. Amana ya dhamana, kama ile ya pango au ya kukodi mitambo, si malipo ya kitu chochote. Inapaswa kurudi usipoharibu, kwa hiyo piga picha hali ya kitu siku unapokipokea. Kuna pia malipo yote ya mbele, nayo ndiyo yanayokuacha mikono mitupu kuliko yote.

Hatua ya 3: Mjue unayemkopesha

Jina lililo kwenye akaunti unayotumia pesa lifanane na jina la biashara au la mtu mliyekubaliana naye. Nimeona maelezo ya kila namna kuhusu tofauti hiyo: akaunti ya kampuni ina tatizo, mhasibu yuko safarini, hii ni ya mke wangu. Baadhi yalikuwa ya kweli. Hata hivyo sikulipa, kwa sababu siku ya kudai, aliyepokea pesa kisheria atakuwa mtu ambaye sina mkataba naye.

Kapekue sajili ya biashara kama nchi yako inayo ya wazi, na uangalie kampuni ilianzishwa lini. Usitosheke na picha za kazi. Omba namba za wateja wawili aliowamalizia kazi karibuni, na ukiwapigia, usiulize kama kazi ilikuwa nzuri. Uliza ilichelewa kwa muda gani na waliombwa pesa mara ngapi. Majibu ya maswali hayo mawili yangeniokoa na yale ya kabati.

Kisha kuna utapeli wenyewe. Dalili zake hazijabadilika sana miaka yote: bei iliyo chini mno kuliko ya wengine wote, haraka ya "lipa leo au anachukua mwingine", na kukataa kila njia ya malipo isipokuwa ile isiyoweza kurudishwa. Ule wa ada za mbele una alama yake ya pekee. Ukishalipa, kinazuka kitu kipya cha kulipia. Kwanza ni ada ya usajili, halafu bima, halafu ushuru wa kuutoa mzigo, na kila ada inaitwa ya mwisho. Ukiombwa ada ya pili ambayo haikutajwa mwanzoni, simama hapo. Najua inavyouma kuiacha ile ya kwanza, na tapeli anajua pia. Uchungu huo ndio anaoutumia.

Kwa wanaolipa kwa niaba ya ofisi, ongeza tahadhari moja. Barua pepe ikija kutoka kwa muuzaji wako wa siku zote ikisema benki yake imebadilika, usiijibu na usipige namba iliyoandikwa humo. Piga namba uliyokuwa nayo tangu zamani, ongea na mtu unayemfahamu sauti, ndipo ubadilishe. Barua pepe za wauzaji huingiliwa, na ujumbe wa namna hiyo huja na nembo sahihi, lugha sahihi, hata mazungumzo yenu ya nyuma yakiwa yameambatishwa chini.

Hatua ya 4: Pima kiasi na ukigawe kwa awamu

Hakuna asilimia moja inayofaa kila mahali. Kuna sheria zilizojaribu. Katika jimbo la California, Marekani, mkandarasi wa ukarabati wa nyumba haruhusiwi kuomba kianzio kinachozidi asilimia 10 ya mkataba au dola 1,000, kile kilicho kidogo. Jimbo la Massachusetts limeweka theluthi moja ya bei, au gharama halisi ya vifaa vya kuagizwa maalum kama hiyo ndiyo kubwa zaidi. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba hata watunga sheria hawakubaliani kuhusu namba. Wanachokubaliana ni kwamba kianzio kisiwe kikubwa kuliko kazi inayokwenda kufanyika.

Mimi hutumia swali moja, na hulirudia kabla ya kila malipo: *akiondoka leo asirudi, nitabaki na nini mkononi, na pesa ambayo sijaitoa inatosha kumlipa mwingine amalizie?* Jibu likiwa ndiyo, uko salama hata mambo yakiharibika. Likiwa hapana, umelipa mbele ya kazi.

Chukua kabati lilelile. Leo ningeligawa hivi: asilimia 30 kwa ajili ya mbao na bawaba, asilimia 30 nyingine kiunzi kikiwa kimesimama na nimekipima mwenyewe kwa futi, asilimia 25 milango ikiwa imefungwa na inafungika bila kukwaruza, na asilimia 15 ya mwisho wiki moja baada ya kuletwa nyumbani na kutumika. Kila awamu inaisha kwa kitu ambacho jicho linakiona na mkono unakigusa. "Kazi ikifika nusu" si awamu, kwa sababu nusu yako na nusu ya fundi hazitakutana kamwe. "Mwisho wa mwezi" nayo haifai, kwani tarehe hufika hata kazi isipoguswa.

Usiifanye awamu ya mwisho kuwa ndogo mno. Ikiwa ni asilimia 5, kuna fundi ataona ni nafuu kuipoteza kuliko kurudi kurekebisha mlango unaoning'inia. Iwe kiasi ambacho yeye mwenyewe anakihitaji. Kwa upande mwingine usimkabe. Fundi uliyemnyima pesa ya vifaa atakwenda kukopa kwingine kwa riba, na riba hiyo ataifidia kwenye ubao mwembamba na misumari badala ya skrubu. Ninaamini kabisa kwamba kazi nyingi mbovu huanzia kwa mteja aliyebana kuliko inavyostahili.

Miradi mikubwa ya ujenzi ina njia ya kupendeza ambayo hata mtu wa kawaida anaweza kuiiga. Katika mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inayotumika kwenye ujenzi duniani kote, mkandarasi anaweza kupewa pesa ya kuanzia ili alete mitambo na watu, lakini anaweka kwanza dhamana, kisha pesa ile hukatwa kidogo kidogo kwenye kila malipo ya kazi iliyokamilika mpaka iishe. Hivyo kianzio kinarudi kwa mwenye mradi kadiri kazi inavyosonga. Ukiwa na fundi wa kazi ya miezi kadhaa, jaribuni hesabu hiyo.

Na akiomba awamu ya pili kabla ya ya kwanza kukamilika? Hiyo ndiyo dalili ya shimo linalofukiwa kwa shimo. Usimfokee. Mwambie: "Nionyeshe ulichonunua kwa ile ya kwanza." Kama vipo, mnaweza kuzungumza. Kama havipo, nenda wewe dukani ukalipie vifaa vinavyokosekana, vije kwake vikiwa tayari, na shilingi isipite mkononi mwake.

Hatua ya 5: Andika

Mtume Muhammad alipohamia Madina, mwaka 622, aliwakuta watu wakitanguliza bei ya tende za mwaka mmoja, miwili, hata mitatu mbele. Hakuikataza biashara hiyo. Aliweka sharti kwamba anayetanguliza pesa afanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana, na muda unaojulikana. Juu ya sharti hilo wanazuoni walijenga mkataba wa salam, wa kulipa bei yote kwanza na kupokea bidhaa baadaye, na kwa vitu vya kutengenezwa wakawa na istisnaa, ambao unaruhusu kulipa kwa awamu. Kama huna wakili wala muda wa kuandika kurasa kumi, mambo hayo matatu ndiyo usiyoweza kuyaacha: nini hasa, kiasi gani, lini.

Karatasi moja inatosha. Hii hapa ni namna ninavyoiandika, kwa kazi ile ile ya kabati:

*"Leo tarehe … mimi … nimepokea kutoka kwa … kiasi cha …, ambacho ni asilimia 30 ya bei yote ya …. Pesa hii ni sehemu ya bei, ya kununulia mbao na bawaba za kabati moja la milango mitatu: urefu sentimita 210, upana sentimita 180, kina sentimita 60, mbao ngumu iliyokauka, umalizio wa vanishi. Risiti za vifaa nitampa mteja, na vifaa hivyo ni mali yake tangu vinaponunuliwa. Kabati litakuwa tayari tarehe …. Likichelewa zaidi ya siku 14 bila makubaliano mapya ya maandishi, mteja anaweza kuvunja oda na kurudishiwa pesa yote ndani ya siku 7. Usafiri ni juu ya …. Salio litalipwa kwa awamu zilizoandikwa hapa chini."*

Iangalie sentensi ya vifaa kuwa mali ya mteja. Watu huipita, lakini inabadilisha mengi. Karakana ikifungwa kwa madeni, mwenye pesa anapanga foleni na wadai wengine, ilhali mwenye mbao zilizowekewa alama ya jina lake, na risiti mkononi, ana la kusema kuhusu mbao zile. Weka alama kweli, kwa penseli au chaki, na upige picha.

Sentensi ya kuchelewa nayo iwe na namba. "Mapema iwezekanavyo" haimfungi mtu. Sheria za baadhi ya nchi zina neno lake pia: ukinunua kwa mbali ndani ya Umoja wa Ulaya, sheria inakupa siku 14 za kubadili nia na kurudishiwa pesa, ila si kwa vitu vilivyotengenezwa kwa vipimo vyako. Na muuzaji asiyekubaliana nawe tarehe anapaswa kufikisha bidhaa ndani ya siku 30. Marekani nako, muuzaji wa kwa posta, simu au intaneti asiyetaja muda anatakiwa kutuma mzigo ndani ya siku 30, na akishindwa akuombe idhini ya kuchelewa au akurudishie pesa. Tafuta sheria ya unapoishi inasemaje, kisha andika tarehe yako hata hivyo.

Kama mmekubaliana kwa simu au ana kwa ana, tuma ujumbe mfupi jioni ileile: "Kama tulivyozungumza leo, nitalipa … kwa ajili ya …, na itakuwa tayari tarehe …. Nijulishe kama nimekosea." Akijibu "sawa", una ushahidi.

Hatua ya 6: Chagua njia ya kulipa

Njia ya kulipa ina uzito sawa na mkataba, maana ndiyo inayoamua kama pesa inaweza kurudi bila mahakama.

Pesa taslimu, hawala ya benki na pesa ya kwa simu vikishafika vimefika. Kuvirudisha kunategemea hiari ya aliyepokea, au bahati ya kuwahi kabla hajatoa. Tumia njia hizo kwa mtu unayemjua, kwa kiasi ambacho awamu yake inaonekana.

Kadi ya benki ina faida kubwa. Bidhaa isipofika, unaweza kuiomba benki iliyotoa kadi irudishe muamala, nayo itamdai muuzaji kupitia benki yake. Muda wa kudai una kikomo, mara nyingi siku 120, kwa hiyo usikubali ahadi za "wiki ijayo" mpaka mlango ufungwe. Uingereza imekwenda mbali zaidi. Kwa kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974, ukinunua kitu cha bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi 30,000, na ukalipa hata kianzio tu kwa kadi ya mkopo, kampuni ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji kwa bei yote. Wanaolijua hilo hulipa kianzio kwa kadi kwa makusudi.

Kwenye mifumo ya kulipia mtandaoni, usikubali kamwe muuzaji akuombe utume kwa njia ya "ndugu na marafiki" ili mkwepe ada. Kwa PayPal, kwa mfano, malipo ya njia hiyo hayaingii kwenye ulinzi wa mnunuzi. Ada uliyoikwepa ndiyo iliyokuwa bima yako.

Akaunti ya amana, ambapo mtu wa tatu anashika pesa mpaka upokee na kuridhika, ni njia nzuri kwa watu wasiojuana. Ila mchague wewe huyo mshika amana, au mchague pamoja. Matapeli hutengeneza tovuti za amana za uongo na kukuelekeza huko.

Kwa mizigo ya kutoka nje ya nchi kuna barua ya mkopo ya benki, ile wafanyabiashara wanayoiita LC, ambayo huendeshwa kwa kanuni za Chama cha Kimataifa cha Biashara (ICC) zijulikanazo kama UCP 600, zilizoanza kutumika Julai 2007. Benki inamlipa muuzaji akileta hati kamili za usafirishaji. Lakini shika hili: benki inakagua hati, haikagui mzigo. Makontena yakijaa mawe na hati zikawa sahihi, benki italipa. Kwa hiyo ongeza kwenye masharti cheti cha mkaguzi huru aliyeuona mzigo kabla ya kufungwa. Na pale muuzaji anapotaka kianzio kikubwa, mwombe dhamana ya benki ya malipo ya awali, yenye neno "kwa dai la kwanza", yaani benki ikulipe mara unapodai bila kubishana, na iishe baada ya tarehe ya kupokea mzigo na wala si kabla. Nimewahi kupokea dhamana iliyokwisha muda wiki mbili kabla ya meli kufika.

Hatua ya 7: Fuatilia ukishalipa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, kiasi, namba ya muamala, kilicholipiwa na siku ya kupokea, na uweke kikumbusho wiki moja kabla ya siku hiyo. Siku ya tarehe yenyewe umeshachelewa. Nenda ukaone kazi, na usipoweza omba picha ya leo yenye kitu kinachoonyesha tarehe.

Ofisini kuna kosa moja ninalolijua kwa karibu. Malipo ya awali yamepita kwa mtu mmoja mwezi wa tatu, ankara ya mwisho imekuja kwa mwingine mwezi wa sita, nayo imeandikwa bei yote. Inalipwa yote, na kianzio kimesahaulika. Hakuna aliyeiba, na muuzaji akikaa kimya hakuna atakayejua. Dawa yake ni kuandika kianzio kama mali ya ofisi, deni ambalo muuzaji anadaiwa, na kukiacha kionekane kwenye orodha mpaka kifutwe na mzigo uliopokelewa. Kila mwisho wa mwezi isome orodha hiyo mstari kwa mstari na uulize kwa kila mmoja: kiko wapi tulicholipia? Kabla ya kulipa ankara yoyote, iweke pamoja na oda na hati ya kupokea mzigo, ukate kianzio, ndipo usaini.

Neno fupi kuhusu kulipia huduma ya mwaka mzima ili upate punguzo. Ukilipa bei ya miezi 10 upewe 12, unafaidika tu kama utakuwa bado unaitumia baada ya mwezi wa 10. Wengi huacha kabla. Na kadi za zawadi na salio lililowekwa mapema ni kutanguliza pesa vilevile, kwa hiyo vitumie mapema.

Hatua ya 8: Mambo yakiharibika

Kuchelewa kukianza, acha kupiga simu peke yake. Andika. Taja mlichokubaliana, tarehe iliyopita, na siku mpya ya mwisho yenye namba, siku 7 au 14, kisha useme utakachofanya ikipita. Uandike kwa heshima, kama barua itakayosomwa siku moja na hakimu. Siku hiyo ikipita, vunja oda kwa maandishi na udai pesa, na palepale fungua dai benki kama ulilipa kwa kadi. Ukipewa chaguo la "vocha" badala ya pesa, jua kwamba umeombwa kukopesha upya mtu ambaye ameshindwa mara ya kwanza.

Lililo gumu kuliko yote ni muuzaji kufilisika. Mwaka 2006 nchini Uingereza ilianguka Farepak, kampuni ambayo familia ziliwekeza kidogo kidogo mwaka mzima ili zipate vocha na vikapu vya Krismasi. Ilianguka mwezi Oktoba, wakati pesa karibu zote zilikuwa zimeshatolewa na hakuna kilichopokelewa. Watu zaidi ya 100,000 walijikuta wadai wa kawaida, na walichokuja kupata ni sehemu tu, baada ya miaka. Ilipoanguka kampuni ya utalii ya Thomas Cook tarehe 23 Septemba 2019, waliokuwa wamenunua safari za vifurushi walirudishwa nyumbani au wakarejeshewa pesa, kwa sababu sheria ya Uingereza ilikuwa imemlazimisha muuzaji wa vifurushi kuweka kinga mapema, chini ya mpango wa ATOL, unaolinda pesa za wanaonunua safari za ndege na vifurushi. Wateja wa pande zote mbili walikuwa waaminifu vilevile. Waliookoka ni wale ambao pesa yao ilikuwa na kinga kabla ya siku ya maafa. Kwa safari, akiba za vikundi na ada za mwaka, swali la kuuliza ni "mkifunga kesho, nani ananirudishia?", na jibu liwe jina la taasisi unayoweza kuithibitisha.

Ukisikia kampuni imefilisika, usiende kugonga mlango wake. Tafuta jina la mfilisi aliyeteuliwa, mara nyingi hubandikwa mlangoni, kwenye tovuti ya kampuni au gazetini. Mpelekee dai lako kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho aliyotangaza, ukiambatisha mkataba, risiti, namba za miamala na jumbe zenu. Kama kuna vifaa vyenye jina lako, vitaje kando kama mali yako, usivichanganye na deni, na uambatishe picha ulizopiga siku vilipowekewa alama.